Nilipimwa kwenye mizani ya magunia

Mara ya kwanza kujua uzito wangu baada ya ajali ilikuwa mwaka 2018, sokoni Kibaigwa, mkoani Dodoma, katikati ya magunia ya mahindi. Nilisukumwa na kitimwendo changu hadi juu ya lile bamba ambalo wapagazi hubwagia gunia, mzee mwenye mizani akainama kusoma. "Mia na nne," akasema. Vijana wawili wakanibeba, wakanikalisha juu ya magunia yaliyotandikwa khanga, kiti kikapimwa kikiwa kitupu. Kilo 19. Muuguzi aliyenileta akaandika kwenye daftari langu: 104 toa 19, zinabaki 85.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kupimwa. Si kwamba sikwenda hospitali, nilikwenda kuliko ndugu zangu wote ukiwajumlisha. Ila pale nilipokuwa nikitibiwa mizani ni ya kusimama, na foleni inakwenda hivi: unapanda mizani, unakaa kwenye benchi, unafungwa kitambaa cha presha mkononi, unaandikiwa, unasogea. Mimi nikifika, dada wa mapokezi anaitazama miguu yangu, anasema, "Wewe pita tu dada yangu, nenda chumba cha mazoezi." Alikuwa ananionea huruma, hakutaka nisumbuke. Na kwa kuwa sikupanda mizani, sikufika kwenye lile benchi, na presha yangu haikupimwa. Sukari vilevile. Huruma ikanivusha vipimo vyote.

Aliyekuja kuliona hili ni mama mmoja wa Kigogo, muuguzi aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Nilimkuta siku nimekwenda kuchukua mipira ya mkojo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mara ya mwisho ulipimwa uzito lini?"

"Tangu nianguke sijapimwa, mama."

"Na ulipokuwa mjamzito?"

Nilikuwa na kadi ya kliniki kwenye mkoba, ile ya ujauzito wa binti yangu aliyezaliwa 2014. Akaifungua. Safu ya uzito, tangu hudhurio la kwanza hadi la mwisho, ilikuwa vistari vitupu. Akaitazama muda mrefu, akaifunga, akavua koti lake jeupe. "Haya, twende sokoni," akasema.

Tuliporudi alinipima presha. 158 kwa 98. Akanirudisha kesho yake, akanirudisha tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Presha ikishafika 140 kwa 90 na kung'ang'ania hapo, ni ugonjwa tayari. Nilikuwa na miaka 33, na mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 51. Jambo hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Waliniuliza habari za miguu tu.

Nitasimulia nilivyojifunza kuutunza mwili huu, na sehemu kubwa nilijifunza baada ya kuumia. Mtu akinisoma mapema, huenda asipite nilikopita.

Nilianguka mwaka 2009, msimu wa mavuno. Nilikuwa juu ya lori la mizigo, nimekaa juu ya magunia kama tulivyozoea wakati ule, napeleka nguo mnadani. Lori likapinduka kwenye kona. Kuanzia kitovuni kwenda chini sihisi kitu tangu siku hiyo. Sihisi moto, sihisi mwiba, sihisi mkojo umejaa. Watu wengi wakiniona hudhani tatizo langu ni kutotembea. Kutotembea nilikuzoea ndani ya mwaka. Kilichotaka kuniua ni kutohisi.

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali nilipewa karatasi ya mazoezi ya mikono na barua ya kuombea kiti. Kuhusu ngozi niliambiwa neno moja mlangoni: "Usikae sana." Nikaja nyumbani, nikakaa. Ningefanya nini kingine? Nilianza kushona kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa ya kukanyaga siiwezi, na kazi ikaja vizuri. Kiti nilichopewa kilikuwa cha kitambaa, hakina mto. Jirani mwenye roho nzuri akaniletea tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo kidogo, nikalie katikati. Kila aliyeiona aliisifu. Mimi pia niliiona laini.

Ile tyubu ni hatari, na naomba anayeitumia leo aiache leo. Duara lake linabana nyama pande zote, damu haifiki katikati, na katikati ndipo mfupa ulipo. Mwanzoni mwa 2011 nilisafiri nayo kwa basi hadi Dar es Salaam na kurudi, bila kujiinua hata mara moja, kwa sababu niliona aibu kuinamainama mbele ya abiria. Wiki moja baadaye dada yangu alisema chumbani kuna harufu ya panya aliyekufa. Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye ndoo ya nguo. Harufu ilikuwa yangu. Aliponigeuza aliona, upande wa kushoto juu kidogo ya paja, ngozi nyeusi iliyolegea kama ngozi ya embe lililooza, na alipoigusa na kitambaa ikaachia. Ndani kulikuwa na shimo linaloingia kidole gumba hadi kiungo cha kwanza.

Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Nilikuwa nimekalia donda lile, nashona sare za shule.

Nililala kifudifudi miezi saba. Watu walileta dawa: unga wa vidonge vya rangi mbili wa kumwagia, majivu, mafuta ya breki. Mengine tulikubali kabla hatujajua. Kilichoniponya ni kutokulikalia donda hata dakika tano, kuoshwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kufungwa kwa shashi safi, na kula. Dada yangu aliuza kuku wake watano akanunua mayai na dagaa, kwa sababu muuguzi alimwambia nyama mpya haijengwi kwa ugali peke yake. Lile kovu ninalo, na ngozi ya kovu haina nguvu ya ngozi ya kuzaliwa. Inabidi niilinde maisha yangu yote.

Sasa nina kioo. Ni cha kawaida, kile cha kunyolea ndevu, nimekifunga kwenye kijiti cha mfagio. Asubuhi kabla ya kuvaa na usiku kabla ya kulala najigeuza upande, najitazama makalio, mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Vipeperushi vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa. Kisha weka mgongo wa kiganja chako: kama pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au panabonyea kama unga uliokandwa, basi siku hiyo hukai. Utalala hadi pafanane na pembeni. Nimepoteza kazi za watu kwa kufanya hivyo, tena wakati wa kushona nguo za sikukuu, na nitapoteza nyingine.

Na nikiwa nimekaa, kila nusu saa nainama mbele hadi kifua kiguse magoti, nahesabu polepole hadi mia na ishirini. Zamani nilikuwa najinyanyua kwa mikono sekunde tano nikidhani inatosha. Haitoshi, damu inahitaji dakika moja mbili kurudi, na mabega nayo yanachakaa kwa kunyanyua mwili kila mara. Siku hizi hata kwenye basi nainama. Abiria wakiuliza kama nasikia kichefuchefu nawaeleza. Kitandani usiku kugeuzwa ni kila saa mbili au tatu. Mtaalamu aliyenifundisha alinisimulia habari za daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati waliopata ajali kama yangu walikuwa wakifa kwa madonda na kwa maambukizi ya mkojo, na akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Zaidi ya miaka 60 baadaye nilitolewa hospitali kwa neno "usikae sana".

Huo mkojo nao ni habari yake.

Choo cha nyumba tuliyopanga kilikuwa na mlango mwembamba kuliko kiti changu. Choo cha kanisani kina ngazi tatu. Cha sokoni sikisemi. Nikaona dawa ni kupunguza maji. Asubuhi nakunywa kikombe kimoja cha chai, mchana sinywi, jioni nakunywa kidogo dada akiwa amerudi. Najua wanawake wengi wenye ulemavu wanaofanya hivi hadi leo, wakiwemo wasiokuwa na shida ya mgongo kabisa, wanaotembelea magongo au wasioona. Hawasemi, kwa sababu ni aibu kusema kwamba hunywi maji kwa sababu ya choo. Mimi nilisema baada ya kibofu kuota jiwe.

Jiwe lile halikunipa maumivu pia. Nilikuwa naona mkojo mzito, wenye mawingu, wenye harufu kali, miguu inakakamaa na kurukaruka yenyewe usiku, kisha homa na kutetemeka. Nikawa nakwenda duka la dawa: "Nipe dawa ya UTI." Mwezi unaofuata tena. Sikuwahi kuombwa mkojo upimwe, nami sikuomba, hadi dawa zile zikaacha kufanya kazi. Picha ya ultrasaundi ilionyesha jiwe la ukubwa wa punje kubwa ya njugu mawe. Nikapasuliwa.

Baada ya hapo nilifundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira, kila baada ya saa nne hadi sita, bila kusubiri dalili, kwa saa ya ukutani. Mikono nanawa kwa sabuni kabla na baada. Mpira unaoshwa kwa maji safi na sabuni, unakaushwa, unakaa kwenye chombo chake chenye mfuniko ambacho hakiwekewi kitu kingine. Na maji nakunywa, chupa ya lita moja na nusu iko pembeni ya cherehani na ikifika jioni iwe imekwisha. Mlango wa choo tuliupanua mwaka 2016. Fundi alifanya kazi hiyo kwa siku moja, mlango mmoja, na tangu siku ile nimeugua mkojo mara mbili tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza dawa gani ilinisaidia, namwonyesha mlango.

Choo kikubwa kimetengemaa kwa hayo hayo maji, na kwa mlenda. Sisi wa Dodoma mlenda hautuishii, na kwa mtu ambaye utumbo wake unakwenda polepole ni chakula cha thamani.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi. Usipakate sufuria. Usipakate pasi ya mkaa hata kama umefunika mapaja kwa kitenge. Mwaka 2012 niliweka pasi pajani nikiwa nageuza kola ya shati, nikanusa nyama. Mpaka leo naweka ubao mapajani, na maji ya kuoga napima kwa kiwiko kabla hayajagusa mguu.

Narudi kwenye presha. Nilipewa vidonge, na nikaambiwa nipunguze chumvi na uzito. Niliuliza nitapunguzaje na siwezi kutembea, kwa sababu ushauri wote niliousikia redioni unasema tembea nusu saa kila siku. Yule mama muuguzi hakuwa na jibu siku hiyo, na alikiri. Alirudi na jibu wiki iliyofuata baada ya kumpigia mtaalamu wa mazoezi. Akanieleza kwamba misuli ya miguu yangu imesinyaa, kwa hiyo mwili wangu unatumia chakula kidogo kuliko zamani, na mimi nilikuwa bado nakula bakuli lile lile la ugali nililokuwa nakula enzi za kushika jembe. Nikapunguza nusu bakuli, nikaongeza mboga, soda nikaacha. Kiti nakisukuma mwenyewe hadi barabara kuu na kurudi, asubuhi kabla ya malori hayajawa mengi, hadi jasho linitoke. Mkanda wa kupimia nguo ninao, kazi yangu ndiyo hiyo, basi kiuno changu napima kila mwezi kama napima mteja.

Lililoniuma kuliko yote si donda wala jiwe. Mwaka 2021 lilipita gari la matangazo: wanawake wote wa miaka 30 hadi 50 waje wapimwe saratani ya mlango wa kizazi, bure. Saratani hiyo ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Nilikuwa na miaka 36. Nikavaa, nikaenda, nikapanga foleni chini ya hema. Zamu yangu ilipofika, binti aliyekuwa anaandikisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hiki ni kipimo cha wanawake wanaokutana na wanaume. Wewe pumzika."

Binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiti.

Sikujibu. Nilipaswa kujibu, lakini koo lilikaza, nikageuza kiti nikarudi nyumbani. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi kwa niaba ya wengine. Msichana asiyesikia, au mwenye ulemavu wa akili, ambaye kila mtu ameshaamua kwamba hana mambo hayo, ndiye ambaye akibakwa au akiambukizwa hakuna atakayewaza kumpima. Katika nchi iliyopambana na Ukimwi muda wote huu, nimekutana na mwanamke asiyeona mwenye watoto watatu ambaye hakuwahi kuambiwa apime virusi nje ya kliniki ya wajawazito.

Nilipimwa miezi miwili baadaye, kwa msaada wa yule yule mama. Kitanda cha uchunguzi kilikuwa kirefu, kinafika shingoni mwangu nikiwa kwenye kiti. Hakunibeba. Alihamisha vifaa, akavipeleka kwenye kitanda kifupi cha wodini, akavuta pazia. Kulala chali na kupanua miguu siwezi, inakakamaa. "Basi lala ubavu," akasema. Nikalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, dada yangu akauinua mguu wa juu na kuushikilia. Muuguzi akapaka siki, akasubiri dakika moja, akamulika tochi. Hakukuwa na alama nyeupe, ile ambayo ingekuwa dalili ya hatari. Akaniandikia nirudi baada ya miaka mitatu. Shughuli yote ilichukua kama robo saa, na haikuhitaji mashine yoyote mpya, ilihitaji kitanda kifupi na mtu anayefikiri.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka ule ule nilioanguka. Ibara yake ya 25 inataka tupate huduma za afya za aina na ubora ule ule wanaopata wengine, na imetaja afya ya uzazi kwa jina. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, ni ya 2010. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti likisema tuko watu bilioni 1.3, mmoja kati ya kila sita, na kwamba baadhi yetu hufa hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Miaka 20. Sehemu kubwa ya hiyo ripoti inazungumzia mambo yanayozuilika. Niliisikia redioni nikiwa nashona, nikasimamisha cherehani, nikaiwaza ile kadi ya kliniki yenye vistari.

Aprili 2024 walikuja shuleni kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 chanjo ya kuzuia saratani ile ile. Binti yangu alikuwa na miaka 10. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza mwalimu mkuu kama wale watoto wa kitengo maalumu nao wameandikwa kwenye orodha. Walikuwa hawajaandikwa. Hakubisha, alitoa kalamu wakaandikwa pale pale, na nilibaki hadi wa mwisho alipochanjwa.

Mwaka huo huo nilirudi kwenye kipimo cha siki, nikiwa salama. Presha yangu sasa inacheza kwenye 130 kwa 84, vidonge bado nameza. Yule mama amestaafu.

Sokoni tunakwenda kila baada ya miezi mitatu, Jumatatu asubuhi kabla ya malori kuanza kushusha. Mzee wa mizani hakubali kulipwa, na ametengeneza kipande cha mbao cha kupandishia viti. Mara ya mwisho tulikuwa wanne. Kulikuwa na babu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miaka sita asiyeweza kukaa mwenyewe, anayelishwa uji kwa kijiko: tulimpima mama akiwa amembeba, kisha mama peke yake, na mtoto akatoka kilo 11, akaelekezwa siku hiyo hiyo kwenye lishe. Na kulikuwa na kijana aliyeanguka mkorosho mwaka jana, ana kiti kipya cha chuma, hajawahi kuja.

Mimi nilisoma 91. Ukitoa 19, ni 72. Nikamwomba yule kijana daftari lake nimwandikie la kwake, kisha nikamuuliza anakalia nini, na kama nyumbani ana kioo.